Mtoto wa Bahati ya Shimo

Naomba msamaha kabla hujaanza kusoma. Niliacha shule nilipomaliza darasa la sita, na herufi zangu hazijajifunza kukaa kwenye mstari: nyingine zinapanda, nyingine zinalala. Neno likinishinda, naliandika kama linavyotoka mdomoni. Tena mkono wangu ni mzito. Ukikuta mahali pamefutwa mara nyingi, ujue hapo ndipo nilipoona ugumu wa kusema.

Ninakaa Dilala, mtaa wa hapa Kolwezi, katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, zile ambazo ukuta mmoja unatumika na majirani wawili. Ukikohoa huku, wa kule anakuambia pole. Mimi ni msichana wa kimya. Mtu mzima akinisemesha, maneno yananikauka na macho yanashuka kwenye miguu yangu. Nikitumwa kwa jirani kuomba chumvi, ninasimama mlangoni mpaka mtu atoke mwenyewe na kuniuliza nina shida gani. Lakini kwa watoto sina haya. Mtoto hakutazami usoni akingojea jibu. Anatazama kile unachokitazama wewe.

Bibi yangu, aliyekuja huku kutoka upande wa Maniema na mume wake dereva wa lori, alikuwa akinichukua porini kuchuma majani na uyoga. Alipofariki niliendelea kwenda peke yangu. Siku moja watoto wa jirani wakanifuata. Jumapili nyingine wakaja na wenzao. Kwetu tunasali Ijumaa, lakini majirani wengi wanatoka misa Jumapili mchana, na watoto wao walikuwa wakinijia bado wamevaa nguo za kanisani, mpaka mama zao wapige kelele ndipo warudi kubadilisha.

Mwanzoni wakina mama hawakuelewa.

“Munaenda wapi?” aliniuliza mmoja, mikono yake ikiwa kwenye beseni la nguo.

“Kutembea, mama.”

“Kutembea kutafuta nini?”

“Kuangaria.”

“Kuangaria nini?”

“Bitu... miti. Bandeke benye kuruka.”

Akawageukia wenzake. “Muliona? Miti! Ile muti iko pale mbele ya choo, si muikalie hapa hapa muiangarie mpaka magaribi!” Wote wakacheka, na mimi nikatazama miguu yangu. Kisha akasema, “Bon, muende. Lakini mukirudia, mulete ata kuni. Batoto bangu habatembee bure.”

Basi tukawa tunaleta kuni.

Tulikuwa tunapita nyumba za mwisho, tunavuka barabara ya malori yenye vumbi jekundu, kisha tunashika kijia kinachoingia katika majani marefu. Nilitumia utaratibu wa bibi. Tunakwenda kwa mstari, na aliye mbele ndiye anayesema anachokiona. Wa nyuma hawampiti. Akisema kichuguu, tunasimama kukiangalia kichuguu. Akisema nyayo, tunainama. Akinyamaza, sote tunanyamaza.

Wa mbele alikuwa mtoto mmoja wa kike wa miaka kama minane, mwembamba, wa mlango wa tatu kutoka kwetu. Hakuna aliyemchagua. Macho yake tu yalikuwa mepesi kuliko yetu. Aliona kinyonga pale ambapo mimi niliona jani. Aliona matungulu, yale matunda mekundu yanayotoka chini kabisa kwenye udongo, hata yalipofunikwa. Na alikuwa na mdomo.

“Yaya anaogopa batu,” aliwaambia wenzake siku moja, maana ndivyo wanavyoniita, dada mkubwa, “lakini nyoka haogopi. Juu nyoka haisemake bonjour.”

Wenzake walicheka mpaka ndege wakaruka. Nami nilicheka.

Kitu kimoja kilinishtua tangu siku za kwanza. Watoto hawa hawakujua jina la mti hata mmoja. Lakini walipoona jiwe njiani waliliokota, wakalilamba, wakalisugua kwenye kaptula. “Hii iko na shaba.” “Hapana, hii ni buchafu tu.” “Ile nyeusi njo ya muzuri, leta nione uzito.” Walibishana kama wazee wa sokoni. Mtoto asiyejua kuandika jina lake alikuwa anajua jiwe gani linauzwa na lipi linatupwa. Baba zao wengi wanachimba, nami sikupaswa kushangaa. Nilishangaa hata hivyo.

Mbele ya kijito kuna kilima kidogo. Chini kina miti, lakini juu kina upara: hakuna mti, hakuna kichaka, ni majani mafupi tu. Mwezi wa tatu, mvua zikikaribia kwisha, ule upara unajaa maua. Ni mmea mdogo usiofika gotini, wenye maua madogo ya zambarau iliyochuja, na ukiupitisha mkono unanukia kidogo. Kila mwaka nilikuwa nikienda kuuona. Mwaka huu niliwapeleka watoto.

Yule wa mbele alifika juu kwanza, akasimama. Kwa kawaida angetangaza. Safari hii alikaa kimya, nasi tukanyamaza nyuma yake kama utaratibu ulivyo, mpaka mdogo mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amekufa.

“Mauwa,” akasema mwishowe. “Mauwa tu, mupaka kule.”

Walicheza pale mchana kutwa. Wakati wa kurudi, yeye aling'oa maua mengi na mizizi yake, akayafunga na jani refu ili ampelekee mama yake.

Mambo yaliyofuata niliyajua baadaye kutoka kwa huyo mama. Mtoto aliyaweka maua kwenye chupa ya soda yenye maji, katikati ya meza. Baba yake alirudi jioni mikono mitupu. Shimo walilokuwa wakichimba lilikuwa limeishiwa, na wenzake walianza kutawanyika. Alivuta kiti, akakaa, akaona ile chupa. Akachomoa ua moja, akalinusa, akaangalia udongo uliobaki kwenye mizizi. Kisha akamwita mtoto kwa upole ambao mama hakuuzoea.

“Mama yangu muzuri, mauwa hii ulitoa wapi?”

Wachimbaji wanalijua lile ua. Mizizi yake inapenda udongo wenye shaba, udongo unaoua mimea mingine. Mahali linapoota kwa wingi, na mti haupo, chini kuna kitu. Mimi sikulijua hilo. Bibi yangu alikuwa mtu wa uyoga na majani ya kupika, wala hakuwahi kuniambia. Mtoto naye alifurahi kuulizwa. Alfajiri alimwongoza baba yake kwenye kijia, akitangulia na kutangaza kila anachokiona.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi, hatukutoka. Ile ya pili watoto walikuja wote isipokuwa yeye. Nikaenda mlangoni kwao na kusimama kama ninavyosimama. Mama yake akatoka.

“Hayuko,” alisema. “Alienda na baba yake ku kazi.”

Nilijitahidi. “Kazi gani, mama?”

“Kukaa.”

“Kukaa?”

“Kukaa tu.” Akaangalia pembeni. “Ata ku masomo haendake tena. Nilisema, nikachoka. Mwende mutaona.”

Tukaenda. Njia ilikuwa imepanuka. Majani yalikuwa yamelala kwa kukanyagwa, na kulikuwa na alama za pikipiki mpaka kwenye kijito. Hakuna aliyetaka kutangulia, kwa hiyo nilitangulia mimi. Nilipopanda na kutokeza juu, miguu yangu ilisimama yenyewe.

Kilima hakikuwepo. Sijui namna nyingine ya kuandika. Chini kilikuwepo, miti mingi imekatwa, lakini ule upara wote ulikuwa umefunuliwa kama kidonda kilichotolewa kitambaa. Udongo mwekundu na wa kijani ulirundikwa kila mahali. Kulikuwa na mashimo, na mashimo mengine pembeni mwa hayo, na vichwa vya wanaume vikitokeza na kuzama. Mifuko ilivutwa kwa kamba. Hapakuwa na ua hata moja. Mtoto mdogo aliyenishika sketi aliniuliza, “Yaya, tumepotea?”

Kisha nikamwona yule wa mbele.

Alikuwa amekaa juu ya mfuko mtupu, kwenye mdomo kabisa wa shimo kubwa kuliko yote, miguu yake ikining'inia ndani. Alikuwa amevaa sweta la mtu mzima. Hakuwa anabeba kitu wala kuosha mawe. Alikaa tu, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyewekwa mbele ya kamera ya pasipoti.

Kamba ya nailoni ilikuwa imefungwa kuzunguka uwanja wa mashimo. Nilipoikaribia, kijana mmoja mwenye koleo alipiga kelele.

“We mama! Simama pale! Mwanamuke hapite kamba!”

Hilo nililijua. Hapa kwetu kila mtu analijua. Mwanamke akipita kati ya mashimo, mawe yanakimbia, yanashuka chini yasipofikika. Wanawake huosha mawe mtoni au huuza chakula mbali na mashimo, lakini kwenye mdomo wa shimo hapana.

Nikamwonyesha mtoto kwa kidole.

“Ule? Ule ni mutoto, hajakuwa mwanamuke bado. Ule njo bahati yetu.” Kijana akatabasamu kweli kweli. “Yeye njo aliona fasi hii. Mwenye kuona fasi, akikaa, majiwe inakaa. Akisimama, inakimbia. Usiogope, hafanyi kazi. Asubui tunamupa mukate na chai ya sukari. We unajua kazi gani mu Kolwezi ya kukaa na kukunywa sukari? Ata gavana hana!”

Wenzake walicheka. Mimi nilikuwa nikiangalia udongo. Mvua ya siku zile ilikuwa imelainisha ukingo wote. Nyuma ya mfuko aliokalia mtoto kulikuwa na ufa, umejipinda kama mwezi mwandamo kuzunguka mahali alipokaa, na ndani ya ufa maji yaling'aa. Upande wa ziwa la Nzilo wingu lilikuwa limeshuka jeusi. Nikaelewa kwamba mvua ile ikifika, kipande kile chote kitaondoka, na yeye yuko juu yake.

Nikamwita. Si kwa jina. Nilimwita kama ninavyowaita wote, kwa mluzi wa bibi. Akageuza kichwa tu.

“Yaya, usikuye!” Sauti yake haikuwa ile ya utani. “Tata alisema nisisimame.” Akaonyesha kwa kidevu ndani ya shimo, alikokuwa baba yake.

“Kuya pole pole. Tuko tunarudia.”

“Hapana. Beko chini. Tata na benzake bote beko chini. Nikisimama, itabafunika.”

Nilidhani wamemwambia mawe yatakimbia tu. Kumbe yeye alikuwa ameelewa, au ameambiwa, kwamba anakaa pale ili wale wanaume wasife. Alikuwa ameushika mlima mzima kwa makalio yake.

Niliwatuma watoto wengine warudi kwenye kichuguu cha kule njiani wakanisubiri huko na mkubwa wao. Nikamwambia kijana wa koleo, “Udongo... umepasuka. Pale nyuma yake.” Nadhani nilisema kwa sauti ndogo mno. Akanijibu, “Eh?” na kumgeukia mtu aliyevuta mfuko.

Basi nikainua kamba na kupita chini yake.

Sikuwahi kusikia kelele kama ile. “Mwanamuke! Mwanamuke mu mashimo!” Ilipita kutoka shimo hadi shimo, na watu wakaanza kutoka ardhini, wekundu, wamejaa matope, mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwa na taa kwenye paji la uso. Sikujua kuwa chini ya kilima chetu kulikuwa na watu wengi hivyo. Walinitukana matusi ambayo sitaandika. Donge la udongo lilinipiga begani. Nilitembea. Nilipita mbali na ule ufa, nikamkamata mtoto chini ya makwapa kutoka upande, nikamvuta. Alipigana nami. Aliniuma mkono, akapiga mayowe, “Tata! Tata, toka! Toka!” mpaka baba yake alipotokeza kwenye mdomo wa shimo na yeye kumwona mzima. Hapo ndipo alipolegea.

Baba yake alinijia. Nilifumba macho nikingoja kofi. Nilipofumbua alikuwa amesimama mbele yangu na machozi yakichora mistari kwenye udongo wa mashavu.

“Mi nilikukosea nini?” aliniuliza. “Sema. Nilikukosea nini, mwana ya jirani?”

Nilionyesha ule ufa. Hakuuangalia. Hakuna aliyeuangalia. Wote waliniangalia mimi.

Mkubwa wa timu, mzee kidogo mwenye kofia ya sufu, ndiye aliyemaliza. “Leo kazi imekwisha. Hakuna mutu anashuka mu shimo tena mupaka tutafute muganga wa kusafisha fasi.”

“Na mutoto?” aliuliza kijana wa koleo.

Mzee alimtazama mtoto kama mtu anavyotazama betri iliyokwisha. “Mwanamuke amemubeba. Bahati imemutoka. Amupeleke kwabo.”

Ndivyo tulivyoondoka. Hakuna aliyetuzuia, kwa sababu hakuna aliyemhitaji tena. Mvua ilitukuta kwenye barabara ya malori. Mtoto alitembea nyuma ya mstari, akilia kimya kimya. Sikujua analilia nini. Nilifikiri ni hofu.

Kesho yake asubuhi nilimwona mama yake akimtoa mlangoni, nywele zimesukwa upya, amevaa shati jeupe la shule. Mama hakuniambia aksanti. Alinitazama tu kwa muda mrefu, kisha akampa mtoto begi lake na kumsukuma taratibu mgongoni. Kwangu ilitosha. Nilirudi ndani na kukaa chini.

Kabla ya wiki kwisha, lile shimo kubwa lilianguka. Ukingo wote uliteremka na mvua, pamoja na mahali palipokuwa mfuko. Hakuna aliyekufa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameshuka. Walikuwa bado wanasubiri mtu wa kusafisha. Habari ilifika Dilala na pikipiki za kwanza. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wachimbaji walisema, tulijua, mwanamke alipita. Baadhi ya wakina mama walisema Mungu ametumia mtu asiyesema. Baba wa mtoto alifunga nguo zake akaenda upande wa Kasaji, kulima kwa ndugu yake, na nasikia bado yuko huko.

Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Siku ile ile, baada ya shule, mtoto alikuja mlangoni kwetu. Hakupiga hodi. Alisimama kama ninavyosimama mimi kwa watu, akiangalia miguu yake.

“Yaya.”

“Karibu.”

“Shimo ilianguka.”

“Nilisikia.”

“Ni juu mi nilisimama.”

Nilimwambia hapana. Nilimwambia ni mvua, ni ufa, nilimchorea udongo kwa mkaa sakafuni: hapa shimo, hapa ufa, hapa maji yanaingia. Aliangalia mchoro wote kwa heshima. Kisha akasema, “Lakini nilipokaa, haikuanguka.”

Niliuweka mkaa chini. Siku zile zote alizokaa, haikuanguka, aliposimama, ikaanguka. Mbele ya macho yake hesabu hiyo imekamilika. Na mimi ndiye niliyemsimamisha.

Juzi mwalimu wake alimwita mama, na mama akaniomba nimsindikize. Mwalimu alisema mtoto ni mzuri, anajua majibu, unaona midomo yake ikiyasema. Lakini akiitwa asimame ajibu, kama wanafunzi wote wanavyosimama, anashika benchi kwa mikono miwili na hasimami. Wenzake wanacheka. Mwalimu alimvuta mara moja kwa mkono, na mtoto akaangalia juu kwenye dari, kisha akawaangalia wenzake mmoja mmoja. Mwalimu alituuliza kama ana ugonjwa wa miguu. Mama akaniangalia mimi. Nilikaa pale nikielewa kwamba kila anapoitwa, mtoto huyu anahesabu ni nani atafunikwa.

Jumapili bado tunatembea, upande mwingine, kwenye miti. Anakuja. Hataki kwenda mbele. Tukipumzika, wenzake wote wanaruka kucheza, yeye anabaki amekaa mpaka nimpe mikono yangu miwili na kumwambia twende pamoja, moja, mbili, na tunasimama wote wawili kwa mara moja. Akisimama na mimi, haogopi sana. Labda anafikiri kosa tutagawana. Lakini darasani mimi sipo, na mwaka ujao kuna mtihani wa kusema mbele ya watu.

Wewe unayesoma, pengine una watoto, au unafundisha, au unawapeleka porini kama mimi. Pengine ulikuwa mtoto wa namna hii. Mimi nimejaribu kumweleza habari ya mvua, nimejaribu mchoro, nimejaribu kunyamaza. Niandikie, nakuomba, unieleze wewe ungemwambia nini, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka minane anaweza kuyashika. Nitamsomea kila kitu kitakachokuja, polepole, tukiwa tumekaa, kisha tutajaribu kusimama.